Tairi za Inchi Kumi na Nne

Mdogo wangu alizikwa Maskati siku ile ile aliyofariki. Sisi huku Wete tulipata habari wenzake walipokuwa wanarudi kutoka makaburini. Mtu aliyefanya naye kazi alinipigia simu baada ya Alasiri, akaniuliza kama nimekaa. Nilikuwa nimesimama uani naanika nguo. Nikamwambia nimekaa. Akasema hakuamka asubuhi, daktari amesema ni moyo, wamemsalia, wamemzika, na kaburi wameliwekea alama ili tukija tulijue. Nikamshukuru. Nikaanika kanga mbili zilizobaki kwenye beseni, kisha nikaingia ndani kumwambia mama.

Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Dada yangu mkubwa alikuja mbio na mumewe, akaanguka mlangoni, wakamnyanyua. Mimi nilitandika mikeka, nikaazima masinia kwa jirani, nikapokea mikono ya watu na kuitikia dua zao. Nilikuwa nasubiri kilio kama mtu anavyosubiri chafya iliyokwama puani, na hakikuja. Khitma ikasomwa, watu wakatawanyika, na siku ya nne nikarudi skuli kufundisha hesabu. Wanafunzi walinyamaza nilipoingia. Nikawaambia wafungue madaftari.

Watu huniuliza nilikuwaje wakati ule, na jibu la kweli ni kwamba sikuwa vyovyote. Nilikula, nililala, nilisahihisha mazoezi. Kitu pekee kilichoweza kuniingia kichwani miezi ile kilikuwa ukubwa wa tairi.

Alichokiacha mdogo wangu hapa Pemba kilikuwa gari dogo la viti viwili, la kijani iliyokoza, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma. Ni aina ya gari wanayoipenda watu wa mbio. Aliliagiza Japani, likashushwa Dar es Salaam, likavushwa na meli ya mizigo hadi Mkoani, na yeye mwenyewe akachukua likizo kuja kulipokea. Mtaani walilicheka. Jirani mmoja alisema gari la watu wawili si gari, ni ubahili. Mama aliuliza wageni watapanda wapi. Yeye alikuwa anacheka tu, analifuta vumbi kwa fulana yake.

Likizo yake ya mwisho alinichukua twende Wingwi kumsalimia shangazi yetu. Lami ilipokwisha hakupunguza mwendo kama nilivyomwambia. Gurudumu la mbele, upande wangu, liliingia kwenye shimo lililojaa maji, na sauti yake ilikuwa kama mtu amepiga sufuria kwa nyundo. Tuliposhuka tairi ilikuwa imelala chini na rimu imepasuka, ina ufa wa urefu wa kidole. Alichuchumaa akaupapasa.

"Nimeiua," alisema.

Akafunga ile tairi nyembamba ya dharura iliyokuwa kwenye buti, tukarudi polepole bila ya kufika kwa shangazi. Siku tatu baadaye alisafiri. Gari likaingizwa kwenye banda la makuti ubavuni mwa nyumba, lisubiri rimu atakayokuja nayo.

Kutoka huko akawa ananitumia picha za rimu, kila wiki picha mpya, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kusoma tairi. Ubavuni mwa tairi zake paliandikwa 185/60 R14. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani ule mpira unaoonekana kutoka ukingo wa rimu mpaka chini, ukiupima kwa asilimia ya ule upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Yeye alitaka kupanda mpaka rimu ya kumi na tano na tairi za 195/50, pana zaidi na zenye ubavu mfupi, ili gari likae chini na lishike njia kwenye kona. Mimi nikamwambia ubavu mfupi kwa barabara zetu ni kuomba rimu nyingine ipasuke.

"Dada, gari ya mbio haivai viatu vya skuli," aliniandikia.

"Na Wingwi hakuna uwanja wa mbio," nikamjibu.

Akanitumia vile vikatuni vya kucheka. Nimesikia wengine wakisimulia maneno ya mwisho waliyozungumza na ndugu zao, na mara nyingi huwa wosia au kutakana radhi. Yetu sisi yalikuwa hayo.

Mambo ya mirathi yalipokwisha tulikubaliana gari liwe la mama. Mama hajui kuendesha wala hataki kujua. Asubuhi moja alikuta kuku ametaga kwenye kiti cha abiria, kwa sababu turubai lilikuwa limeachwa wazi upande mmoja. Alikuja jikoni na mayai ameyafumbata kwenye upindo wa kanga.

"Mwanangu, gari lile litembee au liondoke," alisema. "Mie siwezi kila nikitoka naliona limekaa vile kama mgonjwa."

"Nitalishughulikia, mama."

"Utaweza?"

"Ni magurudumu tu."

Nilisema hivyo kwa kuwa injini ilikuwa inawaka. Nilikwenda bandani nikazunguka gari na daftari mkononi. Zile tairi tatu zilizobaki nazo zilikuwa zimekauka kwa kusimama, zimechanika vijistari ubavuni kama kisigino cha mtu anayetembea peku. Zilihitajika nne mpya, na rimu moja. Nikaandika. Nakumbuka kuandika kulinipa raha, au si raha, kulinipa pahala pa kuweka macho.

Mume wa dada yangu anaendesha gari dogo la kukodi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta shauri.

"Shemegi, tairi ni tairi," alisema. "Mimi nina seti ya rimu za kumi na tano zimekaa tu ndani. Matundu manne, kama hilo lenu. Tufunge tuone."

Alizileta Ijumaa baada ya sala. Nati ziliingia bila tabu. Gari likasimama juu juu, kama linachungulia ukuta. Akaendesha yeye, mimi nikakaa pembeni. Njia ilipokuwa imenyooka mambo yalikuwa sawa, mpaka nikaanza kuona haya kwa ubishi wangu wote. Tulipofika njia panda akakata usukani, na mbele kwa chini kukatoka mlio wa mpira unaosaga plastiki. Alisimama. Tulipoinama tukaona kile kifuniko cha ndani cha bawa la gari, pale juu ya gurudumu, kimechanwa, kinaning'inia.

"Limekataa," alisema.

"Halikukataa. Tairi ni ndefu."

Nilikuwa na futi ya mama ya kushonea mkobani. Nikapima tairi ile kutoka chini mpaka juu: sentimita sitini na mbili. Za asili hazifiki hamsini na nane. Nikamwonyesha. Nikamweleza kuwa inchi moja ya rimu peke yake haimalizi hesabu, kwamba ukikuza rimu lazima ubavu wa tairi upungue, ama sivyo gurudumu zima linakua na kugusa pasipotakiwa. Alinisikiliza amesimama juani, mikono kiunoni.

"Shemegi," alisema, "wewe hujalia, lakini unapima tairi."

Hakusema kwa ubaya. Nilikunja futi nikairudisha mkobani.

Wiki iliyofuata somo la kidato cha pili lilikuwa duara. Niliandika ubaoni tairi nne na kuwataka wanafunzi watafute kipenyo na mzingo wa kila moja. Ile ya asili ilitoka milimita 578 hivi. Ile aliyoitaka mdogo wangu, 576. Ile ya shemegi, 621. Ya nne ilikuwa 175/65 R14, nyembamba kidogo na yenye ubavu mrefu, ambayo nilikuwa nimeiona kwenye gari nyingi ndogo zinazopita Wete. Hiyo ilitoka 583.

"Mwalimu," alisema msichana mmoja wa mbele, "tatu ni ndugu, moja ndiyo imetoroka."

Darasa likacheka. Mwengine akauliza hilo ni gari la nani. Nikasema ni mfano wa kitabuni.

Jumamosi nilifunga ile rimu iliyopasuka kwenye gunia nikaenda nayo Chake Chake, kwa mzee mmoja fundi wa tairi niliyeelekezwa. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichojaa tairi mpaka darini, na mbele yake mashine ya kuvulia mpira. Miwani yake ilifungwa kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa. Nilimsalimia, akanikaribisha ndooni, maana viti vyote viwili vilikuwa na betri za gari juu yake. Aliitoa rimu kwenye gunia, akaizungusha, akatia ukucha kwenye ufa.

"Hii ya gari gani?"

Nikamwambia.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Maskati," nikasema.

"Aa, Maskati. Anakuja lini?"

"Hatujui."

"Basi mpe salamu zangu. Na mwambie rimu kama hii haichomelewi. Atakuja mtu atamwambia ataichomelea, akubali, halafu imfungukie mteremkoni."

"Nitamwambia."

Ukiondoa hilo la mwisho, kila nililojibu lilikuwa kweli. Nilitoka pale na wepesi ambao sikuupata tangu msiba. Sikujidanganya, nilijua mdogo wangu yuko wapi. Lakini sasa palikuwa na duka moja Chake Chake ambamo yuko Maskati na hatujui anakuja lini, na mimi niliweza kuingia humo nikakaa juu ya ndoo. Nilirudi mara nne katika miezi miwili. Safari mbili zilikuwa na haja. Mbili hazikuwa na haja yoyote.

Yule mzee alinifundisha yasiyoandikwa ubavuni mwa tairi. Alinionyesha kuwa haitoshi rimu iwe na matundu manne, lazima yalingane na ya gari kwa nafasi, na kwa gari letu tundu moja mpaka la kulikabili ni sentimita kumi kamili. Kisha tundu la kati, pale rimu inapokaa kwenye kitovu, lisiwe dogo likakwama wala kubwa likachezacheza. Kisha jambo aliloliita ofseti, yaani rimu imekaa ndani au nje kiasi gani.

"Ikitoka nje sana, itakula bodi," alisema. "Ikiingia ndani sana, itakula shokapu. Watu wanatazama uzuri tu. Gurudumu si pete."

Nilimwonyesha kwenye simu zile 195/50 za rimu ya kumi na tano. Aliisogeza simu mbali na uso wake, akaitazama kwa muda.

"Hesabu yake ni nzuri, itaenea. Lakini tangu niingie kazi hii sijaiuza hata moja. Utaagiza Dar. Ukipasua moja, utakaa unasubiri meli. Hii nyingine, 175/65 ya kumi na nne, hata Konde unaipata. Na ubavu wake una nyama, shimo likija linapokewa na mpira kabla ya chuma." Akanirudishia simu. "Lakini muulize mwenyewe. Gari ni lake."

Nikasema nitamuuliza.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua karafuu kwenye jamvi. Shamba letu liko Ole, si kubwa, ni kipande kilichobaki cha mashamba ambayo wazee wa mama walikuwa nayo zamani, na msimu ulikuwa umeanza. Nilikaa mkabala naye, nikamweleza habari ya tairi za aina mbili kama ninavyoeleza darasani. Hakunikatiza.

"Yeye alitaka ipi?" aliuliza nilipomaliza.

Ningeweza kusema lolote. Hakuna mwengine aliyesoma yale mazungumzo yetu.

"Alitaka zile pana. Za kumi na tano."

"Na wewe?"

"Za kumi na nne."

Vidole vyake viliendelea kutenga karafuu na vikonyo, karafuu huku, vikonyo kule.

"Yeye alikuwa anataka vingi," alisema. "Alipokuwa mdogo alitaka alale juu ya bati, ati kuna upepo. Lau ningemsikiliza kila alilotaka, Maskati yenyewe asingefika." Kisha akasema, "Tia zinazopita njia zetu."

Akalia. Hakuinua mikono kujifuta, aliiacha ifanye kazi, machozi yakawa yanadondokea kwenye karafuu. Mimi nilivuta fungu langu nikaanza kuchambua. Nilimwonea wivu, hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote. Nilimwona ana kitu ambacho mimi nimenyimwa.

Ilibaki rimu. Za asili za aina ile hazikupatikana kisiwani, na kufunga moja ya aina yake na tatu za aina nyingine yule mzee alikataa katakata. Akasema anajua gari dogo bovu Chokocho, lina rimu nne za chuma za kumi na nne, matundu na nafasi yake ni sawa na ya kwetu. Tukaenda kwa pikapu yake. Njiani akawa ananiuliza.

"Kazi gani anafanya huko mdogo wako?"

"Viyoyozi."

"Ana mke?"

"Waliachana."

"Watoto?"

"Hana."

"Basi mwambie arudi aoe. Wanakaa kule mpaka wanasahau njia."

Nilitazama nje, migomba, watu na baiskeli zao. Nilijua kwamba hapa nimeshavuka mpaka, kwamba sasa si kunyamaza tena, ni uongo. Lakini kujua ni kitu kimoja na kufungua mdomo ni kingine, na mdomo wangu ulikuwa mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Chokocho gari lilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi mmoja, halina injini wala vioo, wanawe wamelifanya pahala pa kuwekea nyavu. Bibi alitukaribisha kwa muhogo wa kuchemsha. Yule mzee alivua magurudumu, akayazungusha moja moja mbele ya jicho lake kuona kama yanayumba, akakwangua kutu kwa kisu. Mimi nilipima matundu kwa futi. Gurudumu moja lilikuwa limepinda kidogo ukingoni, akasema hilo atalinyoosha.

"Lilikuwa la mume wangu hili, Mungu amrehemu," alisema bibi, amesimama anatutazama. "Alilipenda kweli. Chukueni, lakini lilobaki msinivunjie, nyavu zitakosa pa kukaa."

Alisema lile "Mungu amrehemu" bila ya kusita, lipo tu baada ya mume wangu, kama sehemu ya jina. Nilijaribu kulisema moyoni juu ya mdogo wangu. Nilifika nusu. Tulipokuwa tunarudi yule mzee aliniuliza mbona kimya, nikasema nimechoka.

Siku kumi baadaye alinipigia kuwa rimu zimenyooshwa, zimepigwa rangi nyeusi, tairi mpya zimevishwa na kusawazishwa. Kwa kuwa gari letu halikuweza kufika kwake, yeye angekuja nayo Wete. Nilikubali, na simu ilipokatika ndipo nilipofahamu maana yake. Angeingia nyumbani kwetu. Angemsalimia mama, na kwa desturi yake angemuuliza habari za mtoto wake.

Nilimsubiri njiani, mbali kidogo na nyumba. Pikapu iliposimama nikaenda upande wa dirisha lake kabla hajazima injini.

"Mzee, kuna jambo sijakwambia."

"Eti?"

"Mdogo wangu amefariki. Amezikwa huko huko Maskati. Tangu kabla sijaja kwako."

Alizima injini. Alinitazama juu ya miwani, kisha ndani ya miwani.

"Mbona umeniacha miezi miwili namtumia salamu mtu aliyeko kaburini?"

"Samahani, Mzee."

"N'nakuuliza, Mwalimu. Zile salamu zangu ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua.

Alikuwa amekasirika, niliona shingoni kwake. Alishuka, akafunga mlango wa pikapu kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Akasimama amenipa mgongo, anatazama zile tairi nne zilizolazwa nyuma. Kisha akaweka kofia yake vizuri, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akageuka.

"Jina lake nani? Miezi yote hii sijauliza jina lake."

Nikamtajia. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa sauti tangu msiba. Nyumbani tulikuwa tunasema "yeye", na kila mtu alijua ni nani. Nililitaja jina lake na la baba yetu, sauti ikanitoka kama ya mtu mwenye mafua, na nikahisi kitu kinapanda kooni, kikafika, kikakaa hapo hapo. Hakikutoka. Lakini kilikuwepo. Yule mzee aliinua mikono akamwombea palepale njiani, mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akashuka, akasimama, akaitikia amina pamoja nasi, akapanda akaenda zake bila kuuliza.

"Haya," alisema mzee. "Twende nikampe pole mama yako. Gari baadaye."

Alikaa na mama barazani karibu saa nzima. Sikusikia yote waliyozungumza, nilikuwa natengeneza kahawa. Niliporudi na kahawa, mama alikuwa anamsimulia habari ya kulala juu ya bati, na mzee anatikisa kichwa, anatabasamu. Mama alikuwa anazungumza na mtu asiyemjua kabisa mwanawe, kwa hiyo ilibidi aanze mwanzo, na nadhani hilo lilimfaa. Sisi wengine tulikuwa tunamjua mno, hakuwa na la kutusimulia.

Kazi yenyewe ilichukua muda mfupi. Mzee alikaza nati kwa kupishanisha, moja na ya kuikabili. Aliposhusha jeki gari lilikaa sawa, karibu na chini lakini si chini sana. Akaniambia niingie nikate usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, naye akapitisha kidole kati ya tairi na bawa, mbele na nyuma.

"Haligusi," alisema. "Saa ya mwendo itakudanganya kidogo tu. Tairi imezidi urefu kama milimita tano, basi ikikuonyesha hamsini, jua umezidi hamsini kwa nusu hivi."

"Nimeshapiga hesabu."

"Najua umepiga," alisema, na hapo nikajua amenisamehe, au ameanza.

Sitasema gari lilikuwa zuri. Rimu nyeusi za chuma chini ya bodi ile ya kijani zilikuwa kama ukosi mbovu kwenye koti zuri. Lau mdogo wangu angeliona angefunika uso kwa mikono. Nilisimama nikalitazama nikijua hivyo, na nikajua pia kwamba nimeshinda mabishano yetu kwa sababu mwenzangu hayupo. Hakuna ushindi niliowahi kuupata usiokuwa na ladha namna ile. Shemegi alikuja jioni yake, akalizunguka, akagonga tairi kwa ncha ya kiatu, akasema, "Basi limekubali," na sikuwa na nguvu za kumsahihisha.

Leseni ninayo tangu nilipokuwa kwa mume wangu wa zamani. Siku chache baadaye mama alitaka kwenda Ole kuwatazama wachumaji wetu, nikamwambia nitampeleka. Alivaa buibui lake la safari, akakaa pembeni yangu na mkoba mapajani, magoti yamepanda juu kwa namna kiti kilivyo chini. Akasoma dua ya kupanda chombo. Kwa muda alishika mlango kwa mkono mmoja kila tulipokata kona. Barabara ilikuwa na viraka na mashimo mengine mapya ya mvua, na nilikuwa nasikia kila shimo likiingia kwenye mpira na kutulia humo.

Baada ya kilomita kadhaa niligundua mkono wake umeacha mlango. Nikamtazama. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo. Tangu habari ile ifike mama alikuwa halali mchana kabisa, na usiku nilikuwa namsikia akitembea. Sikuwa nimemwona amelala vile kwa miezi.

Tulifika pale pa kuingilia shambani. Wachumaji walikuwa wanatungoja. Nilipunguza mwendo, nikaona kwamba nikisimama ataamka, basi sikusimama. Nikaendelea na barabara ya Chake Chake kwa mwendo ule ule, mikono miwili kwenye usukani. Sikuwa na huzuni wala furaha. Nilikuwa naendesha. Kila lilipokuja shimo nililiona mapema, nikalizunguka.

Chake Chake nikageuza. Nilipokaribia Ole kwa mara ya pili mama alifumbua macho, akatazama nje, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Bado hatujafika?" aliuliza.

"Tunafika sasa hivi, mama," nikamwambia.